Sijachana Miraa, Nina Usonji

Hebu nikuulize. Unapita soko la miraa hapa Kangeta alasiri, pikapu zinapiga honi zikikimbizana na saa za kufika Nairobi, halafu unamwona kijana ameketi kando ya ukuta, ameziba masikio, anajitikisa mbele na nyuma. Utasema nini? Usijisumbue, jibu nalijua: "Handas imempanda huyo."

Huyo ni mimi, na sijawahi kuchana hata kijiti kimoja.

Siku moja mtu alinimwagia maji baridi kichwani, kwa nia njema kabisa, akidhani ananizindua. Watu wakacheka. Kelele ningezivumilia, lakini yale maji ndiyo yalinimaliza. Sikuongea na mtu kwa siku mbili.

Nina usonji. Nilizaliwa nao, ila nilikuja kujua nikiwa na miaka 23, baada ya daktari mmoja Nairobi kunihoji kwa muda mrefu na kumuuliza mama vile nilivyokuwa utotoni. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine: mwenye madharau, mlevi, yule aliyerogwa. Chuo niliacha mwaka wa pili. Masomo hayakunishinda. Bweni la watu wanane, redio tatu na taa isiyozimwa ndivyo vilinishinda.

Unajua shida iko wapi? Tumeambiwa usonji ni wa watoto. Kila Aprili 2, siku ya kimataifa ya usonji, mabango ni ya watoto. Sawa, watoto wanahitaji msaada, tena mkubwa. Lakini wakifika miaka 18 wanaenda wapi? Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, kule Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza kwenye orodha yake, Donald Triplett, alikua, akamaliza chuo, akafanya kazi benki miaka mingi, akaendesha gari na kucheza gofu. Alifariki 2023 akiwa na miaka 89, na usonji wake bado anao. Si wote tuko kama yeye. Kuna wasioongea kabisa, wanaohitaji mtu kando yao maisha yote, na wao pia huwa watu wazima.

Halafu kuna hii stori ya macho. Kwetu mtoto hamkodolei mzee macho, kwa hivyo nyumbani nilipita kama kijana mwenye adabu. Nilipoenda kuhojiwa kazi mjini Meru, adabu ileile ikageuka kosa. "Mbona hunitazami? Unaficha nini?" Sifichi kitu, bosi. Nikikutazama machoni sisikii unachosema, nikikusikiliza siwezi kukutazama. Nilijaribu kumweleza, akaniambia sikai mtu wa usonji. Sijui alitaka nikae vipi.

Wengine nao wakisikia usonji wanadhani mimi ni komputa. Ati nipigie hesabu hapa hapo. Wasee, hesabu nilipata D.

Kazi niliyo nayo sasa ni ya mjomba. Saa kumi na moja asubuhi, kabla soko halijaamka, tunakaa nyuma ya nyumba nikichambua miraa, giza kando, kangeta kando, alele kando, nafunga vibunda na kuvizungushia majani ya migomba. Hakuna honi. Mjomba ananilipa kama wengine, na nikikosea ananigombeza kama wengine. Amejifunza kutonishika bega kutoka nyuma. Akitaka kuja anatuma meseji kwanza, hata akiwa hapo tu barabarani.

Bado anaamini nitapona nikioa. Hilo tunaendelea kubishana.