Kuku wa Angani Wasimeze Likizo ya Mtoto

Subukia, kila anayefuga anajua kwamba adui wa vifaranga hutoka juu. Mwewe akianza kuzunguka juu ya bonde, kuku mama hutoa sauti ya hatari, vifaranga hukimbilia mbawa zake, nao watoto hutoka mbio wakipiga kelele na kurusha mawe. Lakini je, ndugu msomaji, umewahi kusikia kuku wenyewe wakishuka kutoka angani kuwashambulia binadamu?

Ndivyo mambo yalivyo katika Chicken Invaders, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka wa 1999 na InterAction studios, kampuni ya Mgiriki aitwaye Konstantinos Prouskas. Kisa chake ni cha kuchekesha. Kuku wa anga za mbali wamekasirishwa na jinsi tunavyowatesa na kuwala wenzao hapa duniani, basi wamekuja kulipiza kisasi. Wewe unaendesha chombo kimoja chini ya kioo. Wao wamejipanga safu safu juu yako, wakidondosha mayai kama mvua ya mawe. Yai likikugonga, chombo kimelipuka. Ukimlenga kuku vizuri, anaangusha paja lililoiva.

Mtindo huu haukuanza na kuku. Mwaka wa 1978, Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alibuni Space Invaders, mchezo uliochezwa kwa kutumbukiza sarafu kwenye mashine. Maadui walipopungua, waliobaki walikwenda kasi zaidi. Sababu yake ni kwamba mashine ilikuwa imebaki na picha chache za kuchora. Nishikado aliona jambo hilo linaongeza utamu, akaliacha lilivyo. Hapo ndipo penye mtego hadi leo: mchezo hukubana zaidi wakati unapodhani umekaribia kumaliza.

Mzazi, mtego huo ndio unaoleta ugomvi nyumbani. Shule zikifungwa, watoto wa Nakuru na Nairobi hupelekwa kwa babu na nyanya zao mashambani, baadhi yao wakiwa na kompyuta begani. Nyanya anaita mara ya kwanza, anajibiwa, "Nakuja, namaliza hii tu." Anaita mara ya tatu, chai imepoa. Kwa nyanya huo ni utovu wa adabu. Kwa mtoto, kuacha katikati ya vita ni kupoteza jasho lake lote. Wote wawili wanaumia, na likizo inageuka kuwa manung'uniko.

Dawa si kuficha kompyuta juu ya kabati. Jaribu kumpimia mtoto kwa sura badala ya kumpimia kwa saa. Toleo la pili la mchezo huu, lililotoka mwaka wa 2002, lina sura 11, na kila sura ina mawimbi 10 ya kuku. Patana naye mapema: "Ukimaliza sura moja, unazima." Mpaka huo anauona kwa macho yake, na hawezi kudai kwamba umemkatiza. Akishindwa mara tatu katika sura hiyo, pia anazima, la sivyo atakaa hapo hadi usiku.

Pili, keti naye. Toleo hilo huwaruhusu watu wawili kucheza kwenye kompyuta moja. Nawe babu, usiogope kuchekwa. Mjukuu anayekufundisha kukwepa mayai jioni atakusikiliza zaidi asubuhi utakapomtuma mtoni.

Nawe mwanafunzi, cheza akili yako ikiwa macho. Safari ya toleo hilo huanzia Pluto, hupitia sayari kama Zohali, Mshtarii na Mirihi, na kuishia kwenye Jua. Itakusaidia kukumbuka mpangilio wao, lakini usiupeleke kwenye mtihani ulivyo. Tangu mwaka wa 2006 wanasayansi wa anga wameiweka Pluto katika kundi la sayari kibete, hivyo sayari kamili zimebaki 8.

Jambo la mwisho ndilo kubwa zaidi. Kuku wa kwenye kioo hudondosha yai baada ya yai pasipo kupumua. Kuku wa nyanya huhitaji takriban saa 25 kutengeneza yai moja tu, na akiatamia hukaa juu ya mayai siku 21 kabla kifaranga hakijatoboa ganda. Mtoto wa mjini aliyezoea kuona mayai yakiletwa kwa trei hawezi kujua hayo asipoingia bandani. Itakuwa hasara kubwa arudi mjini akiwa amewapiga kuku elfu moja wa angani, na hamjui hata mmoja wa kuku wa nyanya yake.

Basi sura ikiisha na kompyuta ikizimwa, usimwache mtoto akiduwaa. Mpe kikapu akaokote mayai, awahesabu kuku wakiingia, kisha afunge mlango wa banda kabla giza halijatanda.