Majaribio ya siku moja hayatoshi

Hapa Gilgil, mji wa kambi za jeshi, vijana wengi huota kuchezea klabu ya soka ya Ulinzi Stars, mabingwa wa ligi ya Kenya 2003, 2004, 2005 na 2010. Lakini hiyo ni timu ya wanajeshi, kwa hiyo mpira pekee haukufikishi huko. Klabu nyingine huita majaribio: vijana wamejaa uwanjani, dakika chache kila mmoja, kocha anaandika namba za warefu na wenye mbio. Kiungo mfupi anayetazama kushoto na kulia kabla mpira haujamfikia, nani atamwona? Wasaka vipaji waje kwenye mechi za shule za upili, wamfuatilie mtoto muhula mzima, wamuulize na mwalimu wake wa michezo. Na wakimwita Nairobi, jamani, wamlipie nauli ya matatu.