Lusangi: wanaomeza prednisone kila siku, na hatari ya dawa kukatika

Katika zoni ya afya ya Lusangi, upande wa Kabambare, mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anahesabu siku zake kwa komprime zilizobakia. Mgonjwa wa sukari anaijua hesabu hiyo, na mgonjwa wa tansio vilevile. Lakini kwa yule anayemeza prednisone ao dexamethasone kwa miezi mingi, kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawaelezwi siku wanapopewa dawa: haisimamishwi ghafla.

Sababu yake iko ndani ya mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kortizoli, maji ya mwili yanayosaidia kushika nguvu, sukari na tansio, zaidi sana wakati wa homa, kidonda ao operesheni. Kiasi kinachotoka kila siku ni karibu sawa na komprime moja ya prednisone ya miligramu 5. Mtu akimeza zaidi ya hapo kwa majuma matatu ao manne, tezi inaona kazi yake imefanywa na mwingine, inalala. Dawa ikikatika siku moja, tezi haiamki siku hiyohiyo. Inaweza kuchukua majuma, hata miezi. Ndiyo maana muganga anapunguza kidogo kidogo, hatua kwa hatua.

Mtu aliyekatiwa dawa ghafla anajisikia namna gani? Anachoka sana, anasikia kizunguzungu akisimama, tumbo linauma, anatapika, tansio inashuka. Ku Maniema, dalili kama hizo zinapewa jina moja tu: malaria. Mgonjwa anapewa dawa ya malaria, pengine na seramu, na hakuna anayeuliza alikuwa anameza nini mwezi uliopita. Kumbe angehitaji sindano ya hydrocortisone, na upesi.

Dawa yenyewe si adui. Mwaka 1948, mgonjwa wa kwanza wa viungo alipewa cortisone katika hospitali ya Mayo, kule Marekani, na miaka miwili baadaye watafiti watatu walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba dexamethasone, dawa ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa wanapumua kwa mashine. Prednisone inamsaidia mwenye asma kali, mtoto anayevimba juu ya ugonjwa wa figo, na mwenye lupus.

Inamsaidia pia mgonjwa wa ukoma. Kongo inabaki kati ya nchi zinazogundua maelfu ya wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka. Dawa zinazoua mikrobi ya ukoma zinatolewa bure. Lakini wengine kati yao wanapata kile waganga wanaita reaksio: mishipa ya fahamu inavimba, mkono ao mguu unaanza kulemaa. Hapo ni prednisone inayookoa vidole, kwa miezi mitatu, mitano, hata zaidi. Ikikatika katikati, mkono unaweza kulemaa kabisa.

Bei yake mwilini nayo ni kubwa kadiri miaka inavyopita. Uso unakuwa mviringo, tumbo linaongezeka, ngozi inakuwa nyembamba, mifupa inalegea, sukari na tansio vinapanda, macho yanaingia ukungu. Kinga inashuka, kifua kikuu kinapata njia. Na kuna minyoo midogo ya udongoni inayoingia kwa miguu isiyo na viatu, inayoitwa strongiloide. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele, kisha kwa mtu anayemeza dawa hizi inaenea mwili mzima na kuua. Kwa wakulima na wachimba zahabu hilo si jambo la vitabuni. Yafaa kumuuliza muganga dawa ya minyoo mbele ya kuanza.

Uso huo wa mviringo ndio unaotafutwa na wengine. Kinshasa na katika miji mingine ya nchi, watu, zaidi wanawake, wananunua dexamethasone pamoja na siproheptadine ili wanenepe. Muuzaji anasema ni vitamini. Komprime ndogo ya dexamethasone ya nusu miligramu inakaribia nguvu ya prednisone ya miligramu 5. Mwenye kumeza tatu ao ine kwa siku anajitia katika hali ileile ya mgonjwa wa kudumu, bila karatasi, bila muganga. Siku makuta yanapoisha, anasimamisha ghafla. Huyu ndiye aliye katika hatari zaidi, maana hata yeye mwenyewe hajui kama ana kitu cha kumwambia muganga.

Kuna pia mwezi wa Ramadani, jambo zito katika eneo lenye Waislamu wengi kama hili. Dini inamruhusu mgonjwa asifunge, lakini wengi wanaona haya. Wengine wanaruka dawa kabisa, kumbe kwa wengine ingewezekana kuimeza wakati wa daku. Hilo linaongelewa na muganga na shehe mbele ya mwezi kuandama. Siku ya kuanguka ni kuchelewa.

Sasa, dawa inafikaje Lusangi? Reli ya Kindu inapita Samba, ng'ambo ya Lualaba. Kutoka Kasongo ni moto na barabara ya udongo, na mvua ikinyesha kila mtu anajua. Tangu mwanzo wa 2025, M23 ilipoingia Goma kisha Bukavu, biashara ya mashariki yote imeyumba.

Lakini barabara haielezi yote. Kituo cha afya kinaagiza dawa kwa kuangalia zilizotumika miezi iliyopita. Mgonjwa akikosa prednisone mara mbili, anaenda kununua sokoni na harudi tena. Kwenye rejista ya kituo, matumizi yanakuwa sifuri, na komande inayofuata inaandikwa sifuri. Kwa karatasi, hakuna anayeihitaji. Dawa za ukoma na kifua kikuu zinahesabiwa kwa kichwa cha mgonjwa, hata akikaa mbali. Prednisone hakuna anayeihesabu hivyo. Mpango wa serikali wa afya kwa wote, ulioanzishwa 2023, umeanza na akina mama wanaozaa na watoto wachanga. Wagonjwa wa kudumu bado wako nyuma ya mstari.

Kuna kitu kisichongoja Kinshasa. Titulere wa kituo anaweza kuandika katika kaye moja watu wake wote wanaomeza dawa hizi, kila mmoja na kipimo chake, hata wanaonunua sokoni, kisha kuagiza kwa idadi hiyo. Uingereza, tangu 2020, wagonjwa hawa wanabeba kadi mfukoni. Hapa, kipande cha karatasi ya shule kinatosha: jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuanza, na maneno haya: asikatiwe ghafla. Na hopitali kubwa ya zoni iwe na chupa chache za hydrocortisone za sindano zilizotengwa kwa ajili yao, zisiishe zote kwa kazi nyingine.