KUSHIKA KWA KICHWA HAITOSHI



Ninaomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili niseme neno juu yetu sisi finalisti wa Kemia-Biolojia, zaidi sisi tunaotaka kufanya mtihani wa kuingia udaktari. Ninajua wengine watakasirika. Wanisamehe, mimi pia ni mmoja wao.

Siku ya posho iliyopita tulikuwa watu kumi na wawili ndani ya kalasi, tunarudilia masomo. Ndugu mmoja alisimama mbele ya tablo, akaandika hatua zote za mzunguko wa Krebs bila kuangalia kaye. Tukapiga mikono. Mwalimu wa Biolojia alikuwa anapita inje. Akasimama ku mlango, akauliza: «Vizuri. Sasa mniambie, sababu gani mama zenu wanalowanisha muhogo muchungu siku tatu ndani ya maji?»

Dada mmoja akajibu: «Ili sumu itoke, mwalimu.»

«Sumu gani? Na inaua wapi ndani ya mwili?»

Kimya. Hata yule ndugu wa Krebs aliangalia chini. Lakini jibu lilikuwa karibu kabisa na yale aliyoandika ku tablo.

Muhogo muchungu uko na linamarini, na hiyo inatoa sianidi. Sianidi inaingia ndani ya mitokondria, inafunga enzimu ya mwisho ya kupumua kwa seli, ile inayopatia oksijeni elektroni. Oksijeni iko, damu imeileta, lakini seli haiwezi tena kuitumia. Basi na mzunguko wa Krebs unasimama. Mwili unajikinga kwa kugeuza sianidi kuwa kitu kisicho kikali sana, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa, inayotoka katika asidi amino mbili, sisteini na metionini. Mtu anayekula muhogo usiotengenezwa vizuri siku kwa siku, bila samaki wala maharagi ya kutosha, anakosa salfa hiyo. Watu wa namna hiyo njo konzo inapata: miguu inakakamaa kwa gafula, na hairudi tena kama zamani. Munganga Trolli alieleza ugonjwa huo katika mwaka 1938, huko Kwango, ndani ya inchi yetu.

Muangalie basi. Swali moja la muhogo, na ndani yake muko enzimu, mitokondria, protini, chakula na ugonjwa. Mambo hayo yote tumeyaandika katika kaye mbili, moja ya Biolojia, moja ya Kemia, sawa vile watu wasiojuana. Mawazo yangu ni haya: tunabloke sana, lakini tunabloke vibaya.

Wengine watasema: «Mtihani hauulize sababu. Maswali ni ya kuchagua jibu tu.» Ninawajibu kwa swali moja. Chembe nyekundu ya damu ya mtu inapata ATP yake wapi? Yule aliyeshika kwa kichwa kwamba «ATP inatoka mitokondria» atachagua mitokondria, na atapoteza pointi. Chembe nyekundu ya mtu haiko na mitokondria. Inavunja glukozi bila oksijeni, inabakia na ATP mbili tu kwa kila glukozi moja. Inabebea wengine oksijeni, yenyewe haiitumie. Tena mabuku yetu ya zamani yanaandika ATP 36 ao 38 kwa glukozi moja inayochomwa yote, na mabuku mapya yanahesabu karibu 30 mpaka 32. Aliyeelewa hesabu inatoka wapi hatasumbuka. Aliyeshika namba tu atapotea.

Sisemi kichwa hakina kazi. Majina ya asidi amino, A na T, G na C, vitu hivyo lazima kuvishika, hakuna njia ingine. Lakini kushika ni mwanzo wa kazi, siyo mwisho.

Niseme pia jambo la kwetu nyumbani. Mdogo wangu ni mtoto wa SS. Usiku mmoja alikuwa analia kwa mifupa, akaniuliza: «Yaya, sababu gani inaniuma?» Mimi, mwanafunzi wa Kemia-Biolojia, nilimjibu kwa maneno ya kaye: ugonjwa wa kurizi, himoglobini S. Akaniangalia tu. Kisha nilirudi ku kaye kutafuta. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi amino ya sita imebadilika: asidi glutamiki, inayopenda maji, imeachia nafasi valini, inayokimbia maji. Oksijeni ikipunguka, himoglobini zinashikamana, chembe inajikunja kama mundu, inaziba njia ndogo za damu. Mfupa unakosa oksijeni, njo sababu unauma. Njo sababu pia tunamnywesha maji mingi na kumkinga na baridi. Kosa la asidi amino moja, na mtoto analia usiku. Tangu siku ile sijasahau valini, na sikuishika kwa nguvu.

Kuna na habari ya makaratasi. Kila mwaka watu wanapita wakiuzisha maswali, wanasema ni yenyewe, na wazazi wanatoa feza ya mbuzi. Mara nyingi ni bongo. Lakini hata yakiwa ya kweli, munganga aliyeingia kwa njia hiyo atafanya nini siku ya kazi? Mgonjwa hatakuuzia maswali usiku wa mbele.

Basi ninaomba mambo tatu. Kwanza, tuunganishe kaye ya Biolojia na ile ya Kemia, tukianza kila fungu na ugonjwa ao chakula tunachokijua. Pili, kila mmoja wetu aeleze fungu lake mbele ya mtoto wa kalasi ya chini, kaye ikiwa imefungwa. Mtoto asipoelewa, sisi njo hatujaelewa. Tatu, walimu wetu, tunawaomba kwa heshima: katika kila interogasio mutie swali moja tu la «sababu gani». Tutalalamika, ninajua. Musitusikilize.

Siku ya posho inayokuja tutakutana tena saa nane. Mimi nitaeleza insulini. Mukuje na maswali.

Ndugu yenu, finalisti wa Kemia-Biolojia.