Lafudhi si ushahidi

Wanafunzi wenzangu wa lugha, filamu Allied ya Robert Zemeckis, iliyotoka mwaka 2016, wengi huitazama kwa ajili ya bunduki na mapenzi. Sisi tuitazame kwa masikio.

Mwaka 1942 Max Vatan, rubani Mkanada, anatua kwa mwavuli Moroko, wakati huo nchi chini ya ulinzi wa Ufaransa. Mjini Casablanca anakutana na Marianne Beauséjour, mpiganaji wa siri dhidi ya Wajerumani. Kazi yao ni kujifanya mume na mke, kisha kumwua balozi wa Ujerumani. Marianne anaona hatari mapema: Max anapaswa kuwa mtu wa Paris, lakini Kifaransa chake kinasikika cha Québec. Neno moja likitamkwa vibaya mezani, wote wawili wamekwisha.

Ndoa ya uongo inazaa mapenzi ya kweli. Wanaoana London, wanapata binti. Halafu wakubwa wa Max wanamwambia kwamba mkewe anashukiwa kuwa mpelelezi wa Wajerumani, na ikithibitika, atamwua kwa mkono wake mwenyewe.

Ambaye hajaiona anisamehe, maana hoja yangu iko hapa: shaka hiyo ni ya kweli. Yule ambaye lafudhi yake iliitwa mbovu ndiye mwaminifu. Mwenye Kifaransa safi cha Paris ndiye mpelelezi, na anafichuliwa na piano: Marianne halisi aliipiga vizuri, huyu hawezi. Hata hivyo anampenda Max, na mwishoni anajiua ili mume na mtoto wapone.

Kwetu Kongo jambo hili halibaki kwenye sinema. Mashariki mwa nchi yetu, vita ya miaka mingi imewazoesha watu kupima uraia kwa sikio. Namna ya kutamka neno inatosha mtu kuitwa mgeni, hata mpelelezi. Sisi tunaojifunza kutofautisha Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu tunajua lafudhi inaeleza nini: mtu alikulia wapi, alicheza na nani, nyumbani waliongea lugha gani. Haielezi anampenda nani wala atamsaliti nani.

Basi tukisikia mtu anahukumiwa kwa matamshi yake, tuseme hivyo kwa sauti. Tukinyamaza, elimu hii tumeisomea nini?