Mlango Wazi Si Dawa ya Moshi

Mwambie patroni yeyote hapa Baraka kwamba mashine yake ya kuoshea kwa presha haifai kunguruma ndani ya depo, atakujibu papo hapo: "Lakini mlango uko wazi!" Mwenye grupe ya kuchajia simu atakujibu vivyo hivyo, na kinyozi pia. Jibu hilo limezoeleka hadi limekuwa kama sheria. Nasema ni uongo, tena uongo unaoua.

Moshi unaowasha macho angalau unakufukuza. Ninaouogopa ni ule usioonekana. Mota ya esanse hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikifika mapafuni hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Moyo unadunda, damu inazunguka, lakini ubongo unakosa hewa. Anayesema "ingekuwepo ningeisikia" anaitegemea pua kwa kazi ambayo pua haiiwezi. Fizi-centre, kule mlimani ambako usiku una baridi, wazee hukataza watu kulala na mbabula ya makala ndani. Gesi ni ile ile.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Mwaka 1996 NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, ilitoa onyo kuhusu mota ndogo za esanse. Ilimtaja mkulima aliyekuwa akisafisha zizi lake kwa mashine ya presha ya nguvu za farasi 11. Alifanya kazi kama dakika 30, akazidiwa, akafa. Ilimtaja pia mfanyakazi wa mtambo wa maji aliyekuwa akitumia pampu ya esanse ya nguvu za farasi 8, ndani ya chumba chenye zaidi ya mita za ujazo 1,600. Milango ya karibu yake ilikuwa wazi. Alipotaka kutoka, alipoteza fahamu. Fundi bomba mmoja alikuwa katika chumba cha chini ya nyumba na msumeno wa esanse, milango wazi, madirisha wazi, hata feni inazunguka. Naye kichwa kilimpasuka kwa maumivu na kizunguzungu kikamshika.

Pima depo ya kwetu: mita 4 kwa 5, bati liko mita mbili na nusu juu. Hiyo ni mita za ujazo 50. Chumba kilichomwangusha yule wa pampu kinaimeza depo hiyo zaidi ya mara 30. Kama milango haikumwokoa yeye, huo mmoja wako wa mbao utamwokoa nani?

Wengine hukimbilia upepo wa ziwa. Kweli, Baraka tuna upepo. Lakini mchana upepo hutoka Tanganyika kuja nchi kavu. Ukiweka mota mlangoni, na mlango unatazama ziwa, upepo huo huo unakusukumia moshi ndani. Ndiyo maana hata barazani si pahali pake.

Kisha huja hoja ya wakongwe: "Tumefanya hivi miaka yote na hatujafa." Mmejuaje kwamba hamjaumia? Kijana anaosha pikipiki za motari zilizojaa matope ya barabara ya Uvira tangu asubuhi. Jioni kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu, miguu imelegea. Nyumbani watasema nini? Malaria. Atameza dawa, atalala, na kwa kuwa usiku amepumua hewa safi, asubuhi ataamka ana nafuu na kusifu dawa. Kesho anarudi depo. Dalili hizi huwezi kuzitofautisha na za malaria kwa macho. Ila ukiona wawili wanaofanya kazi chumba kimoja wanaumwa kichwa siku moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usianze na mbu. Anza na mota.

Hoja ninayoiheshimu ni ya wizi na mvua. Mashine ni mali, ikiachwa nje usiku haitaonekana asubuhi. Sawa, lakini nani amekwambia uiache nje usiku? Inapozimwa na kupoa, ingiza ndani ufunge kufuli. Inaponguruma, ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo uani, uijengee kibanda cha bati kisicho na kuta, angalau mita 6 kutoka kila mlango na dirisha, pamoja na ya jirani. Mashine hii ina mpira wa presha, na mipira mirefu ipo. Maji yanaweza kuingia ndani huku mota imebaki nje. Mwenye kuilaza mota karibu na miguu ya kijana amenunua mpira asiotaka kuutumia.

Na mtu akianguka, usimkimbilie ndani na kukaa humo ukivuta pumzi. Wengi huanguka juu ya wale waliokwenda kuwaokoa. Zima mota kama unaifikia, fungua kila kitu, mtoe haraka nje. Acha habari ya kumnywesha maziwa, sumu haipo tumboni. Anachohitaji ni oksijeni: kwa hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa 4 au 5 kupungua nusu katika damu, kwa oksijeni safi huchukua saa moja na nusu hivi. Mkifika hospitali, mwambieni muuguzi waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa karibu na mota. Kile kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni; kinaweza kuonyesha damu nzuri kwa mtu anayekufa.

Kijana wa depo hachagui mota ikae wapi. Akibisha, wako kumi wanaosubiri nafasi yake. Kwa hiyo lawama hii si yake, ni ya patroni anayehesabu faranga mlangoni, penye hewa, huku mwenzake anapumua sumu ndani. Patroni, toa mota nje leo. Kama unaona mlango wazi unatosha, basi badilishaneni nafasi.