Imani Isifanyishwe Kazi ya Akili

Wapendwa, hapa Maganzo hata mtoto anajua tofauti ya sururu na chekeche. Sururu huvunja ardhi, chekeche hutenga almasi na kokoto. Anayechekecha kwa sururu atalala njaa, na kosa si la sururu. Ndivyo Mungu alivyotupa imani na akili. Maafa mengi ya kanda yetu, kutoka Shinyanga hadi Geita, yanatokana na kuzibadilishia kazi.

Akili huuliza: jambo hili limetokeaje, na litatengenezwaje? Imani huuliza: mimi ni wa nani, nimtumaini nani, na jirani yangu ana thamani gani?

Wapo wahubiri wanaowauzia wachimbaji mafuta ya upako ili shimo "litoe". Hao nawapinga waziwazi. Almasi ya Mwadui, jirani zetu, iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, Mkanada, mtaalamu wa miamba, baada ya kutafuta kwa miaka. Mungu aliyeiweka almasi ardhini ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kuitafuta. Hakuificha ndani ya chupa ya mhubiri. Na kule Geita, shimo lisilo na matimba humfukia mwombaji na mlevi pamoja. Zebaki ikichomwa, moshi wake hauulizi nani ameokoka.

Watasema, "Mchungaji anapunguza imani." Basi tufungue Biblia. Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo hakumwambia Timotheo alikemee tumbo lake, alimshauri atumie mvinyo kidogo. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther aliandika kwamba Mkristo atumie dawa, afukize nyumba, asiende mahali asipohitajika. Lakini yeye mwenyewe alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa. Akili ilimfundisha namna ya kujikinga. Imani ilimfundisha kwa nini asikimbie.

Tena sisi Walutheri tusiwanyooshee wengine kidole tu. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa kanisa letu, kwa shilingi 500. Wengine walifia kwenye foleni, wengine waliacha dawa za UKIMWI. Siuhukumu moyo wa mzee yule, wala wa waliokwenda, maana mgonjwa hutafuta popote. Lakini kama dawa inaponya au haiponyi ni swali la kupimwa, na kuliuliza si dhambi.

Sasa nawageukia wasomi wetu. Wao husema: imani ndiyo iliyoua vikongwe na watu wenye ualbino, iondoeni, mlete elimu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Elimu inatuambia kwamba macho mekundu ya bibi yametokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Inatuambia kwamba ualbino ni upungufu wa rangi mwilini, mtoto huurithi kwa baba na mama. Hayo yafundishwe hata madhabahuni. Serikali nayo ilifanya vema ilipowapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015.

Lakini nyuma ya ramli mara nyingi lipo shamba la urithi. Kijana anayelitaka akishajua kuwa bibi si mchawi, hesabu ya shamba haibadiliki. Naye anayelipia kiungo cha mtoto mwenye ualbino amekwisha kupiga hesabu ya faida. Akili anayo, tena kali, ila inatumikia tamaa. Akili inaweza kupima karati za jiwe. Haina mizani ya kutuonyesha kwa nini mtoto mmoja wa Buhangija ni wa thamani kuliko Mwadui yote. Imani inajua: ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Kristo amemfia.

Sisemi kwamba asiyeamini hana utu. Mungu ameandika sheria yake mioyoni mwa watu wote. Nasema kwamba siku tamaa inapopaza sauti, twahitaji neno ambalo halikutoka kwenye hesabu.

Basi, ukiugua, omba, kisha nenda zahanati. Kabla ya kushuka shimoni, omba, kisha kagua matimba. Mhubiri akikuuzia upako wa almasi, mwulize mbona yeye hachimbi. Na akija mtu kukuhesabia faida itakayopatikana bibi fulani akiondoka, usikae kubishana naye juu ya faida. Inuka, ukasimame mlangoni pa bibi huyo, uwaite na majirani.